Kati ya Tatu na Nne

Mwaka jana kiharusi kilinipitia upande wa kushoto. Hakikunichukua, lakini kiliniacha na mkono unaoitikia kwa kuchelewa, kama mtoto anayeitwa kutoka mchezoni. Binti yangu akanipeleka kwa mtaalamu wa viungo, msichana mwembamba mwenye miwani, jina lake Neema. Alinipa kidude chenye mshikio na waya unaoingia kwenye kompyuta. Nikikiminya, mstari mwekundu unapanda kwenye kioo. Nikichoka, unashuka, na pembeni zinajitokeza tarakimu ambazo enzi zetu tungezihangaikia asubuhi nzima. Nilikifurahia kidude kile, sitaficha. Kisha akaniambia kwamba kuna misuli ya kifundo cha mkono ambayo mashine yake haiifikii vizuri, kwa hiyo hiyo ataipima kwa mkono. Akaniinamia, akaweka vidole viwili kwenye kiganja changu, akaniomba nikunje kifundo na nimzuie asikinyooshe. Nikakunja. Akanigusa tu. "Vizuri sana, bibi," akasema, akageukia karatasi zake.

"Umeandika ngapi?" nikamuuliza.

"Nne, bibi."

"Hujabonyeza."

Akacheka kwa adabu. "Nimebonyeza, bibi."

"Umenipa pole, hujabonyeza. Rudi, mjukuu wangu. Usipobonyeza nitakasirika."

Akarudi, akabonyeza kweli, na kifundo changu kikafunguka bila ubishi wowote. Akaikata ile nne, akaandika tatu, huku uso umemshuka. Mimi nilikuwa nalia. Alidhani ameniumiza, akanishika bega na kuniomba radhi mara mbili tatu, nami sikuweza kumweleza chochote, maana hadithi yenyewe ni ndefu na nje kulikuwa na watu wanasubiri zamu yao. Niliporudi nyumbani nikaanza kuandika, kwa mkono wa kulia ambao Mungu ameniachia.

Sitasimulia nilikozaliwa wala wazazi wangu walikuwa watu gani. Hayo yana mahali pake. Mwaka ninaoutaka hapa nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimepokewa kama msaidizi katika hospitali moja ya misheni, ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, upande wa Newala. Jina lake sitalitaja. Ulikuwa mwaka wa vita ng'ambo ya Ruvuma, na pia mwaka ambao watu wetu walianza kuambiwa wahamie vijiji vya ujamaa. Ukisimama nyuma ya wodi ya wazazi uliona ardhi inakatika ghafla na bonde linajitandaza mpaka mtoni, na baada ya mto, Msumbiji, ambako asubuhi nyingine ulionekana moshi umesimama wima. Tuliuzoea moshi ule vibaya. Tulianika mashuka tukiutazama, tukaulizana kama mvua itafika, maana maji pale juu yalikuwa ya kukinga kwenye bati na ya kupandisha kutoka bondeni, na mtu aliyepata ndoo mbili alijiona amepata. Leo nikikumbuka jinsi tulivyozungumzia maji huku watu wanaungua, naona aibu kidogo, lakini vijana hawajui kuogopa kitu cha mbali.

Chumba cha viungo kilikuwa zamani stoo ya mablanketi, na harufu ya mablanketi haikutoka hata tulipokipiga chokaa. Kulikuwa na mianzi miwili mirefu iliyolazwa sambamba, ya mtu kujishikilia anapojifunza kutembea. Ngazi ya vidato vitatu isiyokwenda popote. Kibao chenye matundu na vijiti vya kuchomeka, cha kupima wepesi wa vidole. Kipira cha mashine ya presha ambacho mgonjwa alikiminya tukaangalia mshale unafika wapi. Sakafuni tulitandaza jivu lililochekechwa. Mgonjwa alitembea juu yake, kisha mkuu wangu alipiga magoti na rula, akapima urefu wa kila hatua na kuangalia unyayo umegeukia wapi, kwa makini ya mwindaji aliyeona kwato. Pembe za viungo tulizipima kwa vipande viwili vya mbao vilivyounganishwa na ribiti juu ya duara la kadibodi lenye nyuzi zilizochorwa kwa wino. Vyote hivyo alivitengeneza yeye mwenyewe kwa msumeno mdogo na gundi, na vyote vilikuwa na kazi moja, kutuambia mtu huyu aliyekaa mbele yetu anaweza nini leo, ili tujue kesho tumfanyie nini.

Aliitwa Bwana Kaijage, Mhaya kutoka Bukoba, mrefu, viatu vinang'aa hata siku za vumbi. Alikuwa amesomea kazi hiyo na alituona sisi wote kuwa watu wa kukisia. "Mnapenda sana kusema hajambo kidogo," aliniambia wiki ya kwanza. "Kidogo ni ngapi?" Mchana tulikula mle mle chumbani, ugali wa muhogo na mbaazi, au kisamvu siku za bahati, naye aliutazama ule ugali kila siku kama anauona kwa mara ya kwanza. Akina mama waliosubiri barazani walimcheka. Nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake, "Yule baba wamwachisha ndizi uzeeni, mwonee huruma." Yeye naye alisikia, akala mpaka mwisho. Nilimpenda kwa hilo, na nilimwogopa kwa mengine yote.

Kila mgonjwa alikuwa na kadi, na kwenye kadi kila msuli ulikuwa na namba. Sifuri ni msuli uliokufa. Moja, unatetemeka chini ya ngozi bila kusogeza kitu. Mbili, unasogea ukibebewa uzito wa mkono. Tatu, unauinua mkono wenyewe bila msaada. Nne, unashindana kiasi na mkono wa anayepima, na tano unashindana naye kabisa. Bwana Kaijage alinifundisha namba hizo kwa mikono yangu mwenyewe, akinisukuma na kunivuta mpaka nikachoka. "Mpaka tatu," alisema, "anayepima ni dunia, maana uzito unavuta mkono wa kila mtu sawasawa. Kutoka tatu kwenda nne, anayepima ni wewe. Hapo sina chombo. Kipimo hakina shikamoo, Edita. Bonyeza."

Nilibonyeza. Walikuwepo vijana wa msituni, wapiganaji waliovushwa mto, wengine mguu umekatika kwa mabomu ya kutegwa ardhini, wengine bega limetobolewa, na wote niliwabonyeza bila huruma. Mmoja wao, kijana mcheshi kutoka Mueda, alinitazama akasema, "Dada huyu mngempeleka mstari wa mbele, Mreno angekimbia." Tukacheka wote. Nilijiona nimeiva, na Bwana Kaijage akaanza kuniachia wanawake watu wazima wote niwapime peke yangu, kwa sababu hawakupenda kushikwa na mwanamume, na yeye hakupenda kubembeleza.

Katika kiangazi cha mwaka ule akaletwa Mama Yustina, amekaa nyuma ya baiskeli ya shemeji yake. Nilimtambua kabla hajashuka. Alikuwa mfinyanzi, na vyungu vya maji vya nyumba nyingi za upande wetu vilitoka mikononi mwake. Alikuwa ameshuka bondeni na wenzake kuchimba udongo, ndege ya Mreno ikapita, ikatupa bomu. Wenzake wawili walibaki huko. Yeye alipigwa na vipande juu ya kiwiko na upande wa ndani wa mkono, mkono wa kulia. Kidonda kilikuwa kimepona tangu miezi mingi, lakini mshipa wa fahamu ulikatika, na kiganja kilining'inia kama jani la mgomba lililovunjika shingo. Alikuwa amekifunika kwa upindo wa kanga.

"Shikamoo, mama," nikamwambia, nimepiga goti.

"Marahaba, mwali wangu. Kumbe chumba chenyewe ni chako."

Aliniita mwali wake kwa sababu ndiye aliyekuwa kungwi wangu. Kanisa letu lilikuwa limeuingiza unyago chini ya paa lake tangu siku za bibi zetu. Padri alibariki, kisha akina mama wakaendelea na yao, na Mama Yustina ndiye aliyekaa nasi. Tuliyofundishwa hayaandikwi. Naandika jambo moja tu, maana bila hilo hakuna atakayenielewa. Siku ya kwanza alitushika viganja, mmoja baada ya mwingine, akatusukuma. Msichana aliyejibu kwa kusukuma alitengwa akakaa peke yake siku nzima. Mimi nilisukuma. Kesho yake aliponishika tena nililegeza mkono mpaka begani, naye akautikisa, akaniambia mbele ya wote, "Hivyo. Mkono wangu usishindane nao mpaka nife." Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Kuanzia siku hiyo mwili wangu ulilegea kila alipokaribia, bila mimi kuuambia.

Kwanza tulimtengenezea gango. Bwana Kaijage alichukua ngozi ya mkoba wa zamani na njiti za mwavuli uliokufa, akatengeneza kitu kinachokaa juu ya mkono na kuvuta vidole juu, ili kiganja kisianguke. Mama Yustina alilitazama kwa dharau kwa siku mbili. Siku ya tatu aliagiza udongo. Akaenda uani, nyuma ya jiko la hospitali, akazunguka donge lake kama kawaida ya wafinyanzi wetu, mgongo umeinama, mkono wa kushoto ndani, wa kulia nje ukikandamiza. Vilitoka vibakuli vidogo, vimeinama kidogo upande mmoja, lakini vilisimama. Wagonjwa walikuja kutazama. "Bibi yule anafinyanga kwa mwavuli," nilisikia mmoja akisema, na mwingine akajibu kwamba basi mvua ikinyesha atajifunika kwa chungu. Mama Yustina alicheka kuliko wote. Mpishi alichukua kimoja akaweka chumvi.

Kama tungeachia hapo. Nimeyasema maneno hayo kwa miaka zaidi ya hamsini, nikifua, nikipanga foleni, nikiwa kanisani wakati ambapo ningepaswa kusali. Lakini daktari wa mifupa alikuwa anakuja kwa ndege ndogo kila baada ya miezi kadhaa, na Bwana Kaijage alikuwa amesoma kwamba mkono wa namna ile unaweza kurudishwa. Unachukuliwa msuli mmoja wa upande wa ndani, ule unaokunja kifundo kuelekea kidole cha mwisho, kano lake linakatwa, linahamishiwa nyuma ya mkono, na msuli uliokuwa unakunja unafundishwa kunyanyua. Alinieleza kwa kamba na kipande cha ubao. "Lakini msuli ukihamishwa unapoteza daraja moja," alisema. "Wenye nne utabaki na tatu, na tatu inatosha kuishi nayo. Wenye tatu utabaki na mbili, na hapo tutakuwa tumemwibia." Akaniangalia kuhakikisha nimesikia. Nilisikia.

Mama Yustina naye alikuwa na sababu zake. Kijiji chao kilikuwa kinahamishiwa kando ya barabara, na balozi wa nyumba kumi alipita akiandika nani atalima shamba la kijiji, nani ataingia kikundi cha ufinyanzi, nani hajiwezi. Nilimkuta amekaa kitandani, gango limelala pembeni yake. "Wataniweka na wasiojiweza," akaniambia. "Mimi niliyewafundisha hao wote wa kikundi. Nikienda na njiti za mwavuli watanicheka mbele ya watu. Niandike vizuri, mwali wangu." Nilimwambia nitampima tu, mama, namba itasema yenyewe.

Siku ya kumpima Bwana Kaijage alikuwa ameshuka Masasi kufuata plasta kabla ndege haijafika. Nakumbuka jua lilivyoingia kwa mlango na kufika mpaka kwenye jivu, na jivu lilikuwa na nyayo za mtoto aliyetangulia. Nilimkalisha Mama Yustina kwenye kiti, nikaulaza mkono wake mezani, kiganja juu. Nikamwomba akunje kifundo kuelekea kidole cha mwisho. Akakunja. Kano likasimama chini ya ngozi, jembamba, nikaligusa kwa kidole. Mpaka hapo ilikuwa tatu, na tatu ile niliiona kwa macho yangu. Ilibaki kubonyeza. "Sasa, mama, nizuie," nikasema, nikaweka vidole vyangu viwili kwenye kiganja cha kungwi wangu.

Naweza kusema niliamua kumwonea huruma, lakini itakuwa uongo. Sikuamua kitu. Mkono wangu ulilegea mpaka begani. Vidole vyangu vilikuwa juu ya kiganja chake na havikuwa na uzito wowote, na yeye alikunja uso kwa jitihada, akinizuia kitu ambacho sikukifanya. Nilijaribu tena. Nilijiambia, bonyeza, na jasho likanitoka, na vidole vikakaa pale pale. Mama Yustina akaniuliza, "Imetosha?" Nikasema imetosha. Kadi ilikuwa mbele yangu. Ningeweza kuacha nafasi ile wazi na kumsubiri Bwana Kaijage. Nikaandika nne.

Siku tano baadaye ndege ilitua kwenye uwanja wa nyasi tukawafukuza mbuzi. Daktari alikuwa mzee, Mwingereza mwenye mgongo uliopinda na Kiswahili safi, na wagonjwa wake wa siku moja walijaa barazani mpaka kwenye ngazi. Alipitia kadi moja moja, amesimama, chai inapoa dirishani. Alipofika kwa Mama Yustina alimwangalia vidole, akamkunjakunja kiwiko, akarudi kwenye kadi.

"Huu wa ndani ni nne? Na kovu hili?" Akainua macho. "Nani alipima?"

"Mimi, Daktari."

"Ulibonyeza kwa nguvu?"

Bwana Kaijage alikuwa amesimama kando yangu. Niliona amejinyoosha kidogo, kama mzazi ambaye mtoto wake ameulizwa swali mbele ya wageni na analijua jibu. Mama Yustina alikuwa kwenye kiti, ananitazama kwa matumaini. Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Neno lenyewe ni fupi. Mzee yule angeushika mkono ule yeye mwenyewe, angebonyeza, na yote yangekwisha pale pale, mimi nikiwa nimeaibika kwa asubuhi moja.

"Ndiyo, Daktari. Nilibonyeza," nikasema. Akampa zamu ya pili ya upasuaji, baada ya chakula.

Mama Yustina alikaa na plasta majuma yaliyoamriwa, na katika majuma hayo nilikuwa mwema kwake kupita kiasi. Nilimletea uji, nilimsuka nywele, nilimwombea maji ya ziada ya kunawa. Aliwaambia wenzake wodini, nami nipo mlangoni na beseni, "Huyu ni mwali wangu. Nilimlea, sasa ananilea." Siku plasta ilipokatwa Bwana Kaijage alipima yeye mwenyewe, kwa kuwa alitaka kuona kazi. Akamwambia anyanyue kifundo. Kitu kikatetemeka chini ya kovu jipya, kifundo kikasogea upana wa kucha, kikaanguka. Tukamfanyisha mazoezi asubuhi na jioni, tukambebea uzito wa mkono kwa kitanzi cha kitambaa, tukamwimbia na kumhesabia. Ilikuwa mbili, na ilibaki mbili.

Lile la kutokunyanyua angeweza kulizoea, maana gango lilikuwepo bado. Lakini alipokaa uani na donge lake, amevaa gango, aliusukuma ukuta wa chungu kutoka nje na mkono ukateleza. Akasukuma tena. Nguvu ya kukandamiza udongo ilikuwa ya msuli ule ule tuliouchukua. Alikaa akilitazama lile donge muda mrefu, kisha akalifunika kwa gunia lenye maji, kama anayetarajia kulirudia kesho, akanawa mkono wa kushoto kwa kuupangusa kwenye kanga. Hakulia.

Bwana Kaijage aliichukua kadi, akaisoma, akairudisha sandukuni. Hakuniuliza. Alisema misuli ya watu waliopigwa mabomu hubadilika, haitabiriki, akasema hivyo kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Lakini wiki ile ile aliomba mizani ya springi kutoka ghala la korosho, akaifunga ukutani kwenye kibao, akaweka ukanda wa ngozi wa kuingiza kiganja, ili mgonjwa avute dhidi ya ukuta na mshale useme, bila mkono wa mtu yeyote kuingia kati. Alifanya kazi hiyo siku nne, amenipa mgongo. Kilipokamilika aliniita nikijaribu. "Hiki hakimjui mtu," akasema. Nilivuta, nikasoma namba, nikaiandika. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananisamehe au ananifukuza. Mwisho wa mwaka aliandika barua nzuri sana, na kwa barua ile nikapata nafasi ya kusoma Dar es Salaam. Nimefanya kazi ya kupima watu miaka thelathini na mitano kwa sababu ya barua ile, na wanaonifahamu watakuambia kwamba nilibonyeza kila mtu, askofu, mkuu wa wilaya, mama mkwe wangu.

Kabla sijasafiri nilikwenda kumwona Mama Yustina kwenye kijiji kipya. Nyumba zilikuwa zimepangwa mstari mmoja kando ya barabara, za fito na udongo mbichi bado, hazina kivuli hata kimoja. Ilikuwa mchana. Binti yake, Yustina mwenyewe, alikuwa ametutengea ming'oko ya kuchemsha kwenye sahani ya bati, maana chakula cha mwaka ule kilikuwa hicho, cha kuchimba porini. Mama Yustina alimenya kwa mkono wa kushoto na meno. Wa kulia ulikuwa mapajani, umefunikwa upindo wa kanga, kama siku ile aliposhuka kwenye baiskeli. Balozi alikuwa amemwandika na wasiojiweza. Tulikula mpaka Yustina alipotoka kwenda kuteka maji, nami nikashuka kwenye kigoda nikapiga goti.

"Mama, siku ile ya kukupima sikubonyeza," nikamwambia. "Niliandika nne na haikuwa nne."

Aliweka chini kipande alichokuwa anakimenya.

"Najua hukubonyeza," akasema. "Nilikuwa na mkono wako juu ya wangu. Nilidhani ndivyo mnavyofanya."

"Nilishindwa. Mkono ulikataa."

"Ulikataa kwa sababu mimi ndiye niliyeukataza." Akanitazama kwa muda, usoni, ambavyo kungwi hamtazami mwali wake. "Nilikufundisha mimi, Edita. Nilikutenga siku nzima, ulilia. Nakumbuka ulivyolia. Basi hilo ni langu. Nyanyuka."

Hapo ndipo nilipopaswa kuendelea. Nilitakiwa kumwambia kwamba mkono ulikataa, ndiyo, lakini baada ya mkono kulikuwa na siku tano nzima, na baada ya siku tano kulikuwa na daktari aliyeniuliza kwa Kiswahili safi, na ulimi wangu haukufundishwa na mtu yeyote kusema ndiyo. Mkono ulikuwa wake. Ulimi ulikuwa wangu. Siku ile barazani hakuyasikia yale maswali kama mashtaka, aliyasikia kama mazungumzo ya wakubwa, na hakuwa na njia ya kujua jibu langu lilikuwa na uzito gani. Nilikuwa nimepiga goti, nimefungua mdomo. Ameshanisamehe, nikawaza, ya nini kumwongezea. Nikanyanyuka. Akanipa ming'oko mingine nifunge kwenye kitambaa, ya kula njiani.

Nilikuwa Dar es Salaam msimu wa unyago ulipofika. Yustina aliniandikia barua ya habari za nyumbani, mvua, nani kaolewa, na katikati, bila kutilia mkazo, akaandika kwamba mama yake amekataa kukaa na wasichana mwaka huu. Akina mama wa kanisa walikwenda kumbembeleza, padri naye akaenda. Aliwaambia kwamba anaogopa anachowafundisha watoto wa watu. Mwaka uliofuata walikwenda tena, akawajibu hivyo hivyo, wakaacha kwenda. Aliishi miaka ishirini na sita baada ya hapo. Kila likizo nilikwenda kumsalimu, nikapiga goti, nikampelekea sukari na kanga, akaniitikia marahaba, mwali wangu. Nilikuwa wa mwisho aliyebaki akiitwa hivyo na yeye, na kila mara nilikwenda nimekusudia kumwambia lile la ulimi.